Mzigo Ukianguka, Ni wa Nani? Kutoka Njia ya Wapagazi hadi Mteremko wa Bugarama

Anayetoka Bujumbura kwenda Kayanza kwa Barabara ya Taifa Namba 1 huliacha ziwa likiwa kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Baada ya kilomita 30 na ushei hujikuta Bugarama, juu ya mita 2,000, penye ukungu na baridi. Katika kona za mlima huo hukutana na kila aina ya mzigo unaoilisha na kuijenga nchi: saruji, nondo, mabati, magogo, kreti za vinywaji, mafuta, viazi na kabichi. Nyuma ya malori yanayopanda polepole, vijana wa baiskeli hushika chuma kwa mkono mmoja ili wavutwe. Wakirudi, huteremka peke yao wakiwa wamefunga mikungu ya ndizi au magunia ya makaa yanayozidi uzito wa miili yao. Pembeni wamekaa akina mama wanaouza mboga, na watoto wanarudi kutoka shuleni.

Darasani, tulipokuwa tukizungumzia haki na wajibu wa raia, mwanafunzi mmoja aliniuliza: «Mwalimu, nondo zikichomoka kwenye lori na kumuua mtu, anayepaswa kujibu ni nani? Dereva, au mwenye nondo?» Wenzake walijibu kwa haraka kwamba ni dereva. Mwingine akasema ni Mungu, kwa kuwa siku ya mtu ikifika imefika. Niliwaomba wanipe muda, kwa sababu swali hilo lina umri mkubwa kuliko magari. Makala haya ndiyo jibu langu kwao, na kwako pia, ndugu msomaji.

Tuanze na wakati ambapo lori lilikuwa bega la binadamu. Katika karne ya 19 bidhaa zote zilizotoka pwani kuja nchi za Ziwa Tanganyika zilibebwa na wapagazi. Kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa safari ya miezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chombo chake cha kupikia, silaha na jamvi lake la kulalia. Vitambaa vilikunjwa, vikapigwa na kubanwa, kisha vikafungwa kwa kamba vikawa mtumba mmoja mgumu. Neno hilo bado tunalo: mitumba tunayonunua sokoni leo imelirithi jina la mzigo wa mpagazi. Shanga zilitiwa katika mifuko, waya wa shaba ulizungushwa koili, na pembe za ndovu zilibebwa begani.

Ufungaji huo ulikuwa kazi ya mafundi. Mtumba uliolegea ungemyumbisha mpagazi katika kila hatua, ungemchubua shingo, na ungefunguka wakati wa kuvuka mto. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyetaka mali yake ifike hakumwachia kila mpagazi ajifungie mzigo wake apendavyo. Mizigo ilipimwa na kufungwa pwani, chini ya macho ya mwenye mali, kabla ya msafara kuondoka. Njiani mnyapara alihesabu mizigo kila kituo. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwezi Novemba 1871 na kumkuta David Livingstone, alikuwa amefika kwa msafara wa namna hiyo. Wawili hao kisha walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa na kuthibitisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, linawakumbuka. Mamia ya watu waliobeba mizigo yao hawana jiwe.

Hapo pana somo la kwanza la historia yetu. Katika msafara, wajibu ulikuwepo, lakini ulielekea upande mmoja. Mpagazi aliwajibika kwa mwenye mali: akipoteza mzigo au akitoroka nao, angeadhibiwa na ujira wake ungekatwa. Mwenye mali hakuwajibika vivyo hivyo kwa mpagazi. Aliyeanguka chini ya mzigo uliozidi, aliyeteleza kwenye jiwe, aliyeachwa njiani akiugua, mara nyingi hakuwa na wa kumdai. Wahenga walikwisha kuiona hali hiyo waliposema, «Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.» Kilicho kizito begani mwako, kwangu mimi ninayekitazama kwa mbali ni chepesi kama sufi. Methali hii tuishike, kwa sababu tutakutana nayo tena barabarani.

Majini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Chombo kinachozama hakichagui: humzamisha nahodha, baharia, abiria na mali ya tajiri kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mabaharia wa kale walitangulia kuelewa kwamba mzigo ni jambo la wote waliomo chomboni. Katika Digesta, mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533, kuna kanuni iliyopewa jina la sheria ya Rhodes: ikiwa mali ya mmoja imetoswa baharini ili kuipunguzia meli uzito, hasara hiyo itagawanywa kati ya wote ambao mali zao zimeokoka. Anayefaidika na safari ashiriki pia hatari yake.

Hata hivyo, baharini nako tamaa iliishinda busara mara nyingi. Nchini Uingereza, karne ya 19, meli zilizosheheni kupita kiasi zilizama na mabaharia wake, huku wenye meli wakilipwa na bima. Mbunge Samuel Plimsoll alipigania alama ubavuni mwa meli, ili kila mtu aliye bandarini aone kwa macho yake kama chombo kimezidishwa. Sheria ya mwaka 1876 ililazimisha alama hiyo iwekwe, lakini ikamwachia mwenye meli achague pa kuichora. Fikiri, ndugu msomaji: ni kama kumwambia mfanyabiashara apime sukari kwa mizani anayoichonga mwenyewe. Ilichukua hadi sheria ya mwaka 1890 ndipo mahali pa alama pakapangwa na mamlaka ya serikali. Kanuni tupu haikutosha. Ilihitaji mtu asiye na faida katika mzigo aamue mpaka uko wapi.

Turudi kwetu. Wajerumani walianzisha kituo chao cha kijeshi Usumbura katika miaka ya 1890, na mwaka 1903 Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kutia mkono katika mkataba wa Kiganda. Mnamo Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura. Vita hivyo katika Afrika Mashariki viliendeshwa kwa mabega ya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Kila anayenunua nguo Kariakoo anakanyaga kumbukumbu ya mzigo uliowaua waliobeba.

Aibu ya upagazi wa kulazimishwa ilifika hadi Geneva. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1930 mkataba dhidi ya kazi ya kulazimishwa. Kifungu chake cha 18 kilitaka upagazi wa namna hiyo ukomeshwe haraka iwezekanavyo, na kabla haujakoma, serikali zipange kiwango cha juu cha mzigo na cha mwendo ambao mtu angeweza kutakiwa kuubeba. Mwaka mmoja kabla, yaani 1929, shirika hilohilo lilikuwa limepitisha mkataba mfupi ambao watu wachache wanaukumbuka. Ulisema kwamba kila furushi au kitu chenye uzito wa kilo 1,000 au zaidi kitakachosafirishwa kwa meli kiandikwe uzito wake kwa nje, waziwazi na kwa alama isiyofutika, kabla hakijapakiwa. Sababu yake inaeleweka na kila kuli: anayeinua na anayefunga hawezi kujilinda na uzito asioujua. Tangu hapo wazo jipya lilikuwa limeingia katika sheria za dunia, kwamba wajibu wa mzigo huanza kabla haujafika mikononi mwa msafirishaji.

Nchini Burundi, wazo la jumla la wajibu lilikuja kwa njia nyingine. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, ilihusu mikataba na wajibu, na baadaye ikaingizwa Ruanda-Urundi. Mizizi yake ni Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804. Kifungu chake cha 258 kinasema, kwa maana yake, kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwingine madhara humlazimu yule ambaye kosa lake limeyaleta kuyafidia. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu hujibu si kwa matendo yake tu, bali pia kwa matendo ya wale anaopaswa kuwasimamia na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake; na mwajiri hujibu kwa madhara yanayoletwa na watumishi wake katika kazi aliyowapa. Sheria hii ililetwa na ukoloni uleule uliowalazimisha babu zetu kuchimba barabara bila ujira wa haki. Lakini Burundi huru, baada ya tarehe 1 Julai 1962, iliirithi misingi hiyo, na leo ni chombo mikononi mwa raia akijua kukitumia. Ni maneno machache, na ndani yake kuna sehemu kubwa ya jibu la mwanafunzi wangu.

Lori lilikuja likifuata reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo maalumu ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite. Bidhaa zilitoka melini zikaingia behewani, zikatoka behewani zikaingia katika meli ya ziwa, zikashushwa Usumbura, na hapo zikapandishwa kwenye lori lililozipeleka milimani. Katika mitaa ya Waswahili ya mji huu, Buyenzi hasa, walikuzwa madereva, utingo, mafundi wa magari na wapakiaji ambao ujuzi wao uliurithi ule wa watu wa misafara. Hata leo, kama unataka mtu wa kukukazia boriti iliyolegea au kukuchomelea ndoano ya kufungia kamba, utaelekezwa Buyenzi.

Lakini lori lilibadilisha hesabu ya hatari. Mpagazi akiangusha mtumba, uliumia mguu wake. Lori likiangusha mzigo, anayeumia mara nyingi ni mtu asiyehusika kabisa: mwendesha baiskeli, mama muuza mboga, mtoto wa shule. Na nguvu zinazohusika si za bega tena. Chukua tani 10 za nondo juu ya lori lenye jukwaa wazi lisilo na kuta. Likiwa limesimama, nondo zinatulia kwa uzito wake, na mtu anaweza kudhani kwamba chuma kizito namna hiyo hakihitaji kamba. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, lori husimama lakini nondo zinataka kuendelea na safari. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 2004 zinataka ufungaji uweze kuhimili nguvu ya kwenda mbele iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa tani zetu 10, ni sawa na kuning'iniza tani 8 kwenye minyororo na mikanda hiyo. Sasa ziangalie kamba za katani zilizochakaa, zilizounganishwa kwa mafundo, na ujiulize zingeninginiza nini.

Uzito wenyewe haukamilishi hesabu. Mzigo uliopangwa juu sana huliinua lori kitovu cha uzito na kulifanya lipinduke kwenye kona. Mzigo uliosogezwa nyuma sana hulipunguzia gurudumu la mbele mshiko, usukani ukawa mwepesi na mwongo. Mafuta yasiyolijaza tangi huyumba kama maji ndani ya beseni, na kila kona huyasukuma upande mmoja. Katika mteremko mrefu, lori lililozidishwa huzichosha breki zake hadi zikapata moto na kukataa kushika. Mtu akisema baada ya hapo kwamba «breki zilifeli», amesema kweli nusu. Nusu nyingine ilitokea asubuhi, mahali pa kupakilia.

Sheria zetu za kikanda zimefika wapi? Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jumuiya hiyo ina Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013, inayoweka tani 56 kuwa kikomo cha uzito wa gari na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu pacha. Kwa ajili hiyo kuna vituo vya mizani kando ya njia kuu zinazotoka Dar es Salaam na Mombasa. Hili ni jambo jema. Lakini tuseme waziwazi mizani hupima nini. Hupima uzito unaoiumiza lami. Haipimi fundo la kamba. Lori lenye tani 20 tu, lililo chini sana ya kikomo, laweza kupita juu ya mizani kwa heshima zote, huku mabomba yake yakisubiri kona ya kwanza ili yachomoke. Tumeilinda barabara kwa makini zaidi kuliko tulivyomlinda apitaye juu yake.

Si kwamba dunia haina maneno kuhusu ufungaji. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu cha 30, unataka mzigo upangwe na ikibidi ufungwe kwa namna ambayo hautahatarisha watu, hautaburuta wala kuanguka barabarani, hautamzibia dereva macho wala kuyumbisha gari, na hautafunika taa wala namba. Hata minyororo na maturubai yanatakiwa kukazwa barabara. Hayo yote mtu mwenye macho anaweza kuyakagua bila mtambo wa bei ghali.

Kisha maafa hutufundisha tusichojifunza vitabuni. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Rusizi, upande wa Kongo, kati ya Uvira na Bukavu. Mafuta yalimwagika. Watu walikuja na ndoo na madumu kukinga riziki iliyoletwa na ajali, kisha moto ukalipuka na kuenea hadi kwenye nyumba walimokuwamo watu wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 walifariki. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, msiba wa namna hiyohiyo ulijirudia. Mara zote mbili walikuwepo waliowalaumu maskini waliokwenda kukinga mafuta. Onyo la kutokaribia mafuta yaliyomwagika ni la lazima, nami narudia kuwaonya wanafunzi wangu. Lakini mwenye ndoo ni mtu wa mwisho katika mnyororo. Historia ya haki huuliza juu ya wa kwanza pia.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Baada ya maafa hayo hatua hazikuishia kwa waliokuwa kwenye usukani. Rais John Magufuli aliivunja bodi ya wakala wa serikali uliokiendesha kivuko hicho. Iwe hatua hiyo ilitosha au haikutosha, ilikubali jambo moja: chombo hakijizidishi chenyewe, na nyuma ya anayekiendesha kuna anayekiratibu, anayekagua na anayefumba macho.

Mataifa mengine yameliandika wazo hilo katika sheria kwa uwazi zaidi. Mwaka 1953 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi ya mitungi yenye injini za ndege iliyodondoka kutoka kwenye lori. Kanuni iliyowekwa hapo bado inanukuliwa: msafirishaji ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kuhakikisha mzigo umepakiwa salama, lakini ikiwa mwenye mzigo ndiye aliyeupakia, yeye atajibu kwa kasoro zilizofichika ambazo dereva asingeweza kuziona kwa ukaguzi wa kawaida. Kasoro ikiwa wazi machoni, dereva hawezi kujificha nyuma ya mpakiaji. Australia ilienda mbele zaidi. Sheria yake ya magari mazito, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inautaja mnyororo mzima wa wajibu: anayetuma mzigo, anayeufungasha, anayeupakia, anayepanga ratiba, mwajiri wa dereva. Na tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinamtaka anayetuma kontena athibitishe uzito wake kabla halijapandishwa melini. Linganisha na ule mkataba wa mwaka 1929, uone wazo moja lilivyokua kwa karibu miaka 90.

Sasa nawasikia madereva wa mji wetu, nao wana haki ya kusikilizwa. Husema: «Mwalimu, unazungumza vizuri, lakini ukimwambia tajiri mzigo umezidi, anakuonyesha vijana watano waliosimama getini wakisubiri usukani wako.» Husema kwamba mikanda ya kukazia ni ghali, kwamba nauli ni ndogo, kwamba uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umefanya kila safari ilazimishwe kubeba ya safari mbili. Kontena hufika likiwa na lakiri. Anayelivuta hajui ndani limepangwaje. Yote hayo ni kweli. Mfanyabiashara mdogo naye atasema kwamba akikodi lori lenye kila kifaa, bei ya saruji itapanda na mjane atashindwa kujenga. Hilo nalo lina ukweli wake.

Lakini tazama hesabu hiyo inavyofanywa. Gharama ya kamba nzuri haipotei kwa kutolipwa. Huhamishwa. Tajiri asipoilipa, ataigharimia mwendesha baiskeli kwa mguu wake, au mjane yuleyule wa saruji kwa mtoto wake. Ni mzigo wa mwenzio, umekuwa kanda la usufi. Na hoja ya dereva kwamba analazimishwa haimwondolei wajibu wake, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho aliye na nafasi ya kukataa kuliwasha gari. Bali inamwongeza mwingine katika kizimba, yule aliyemlazimisha. Wajibu si mkate, kwamba ukimgawia wa pili wa kwanza anabaki na nusu. Ni kama taa: ukimwashia jirani, yako haizimiki.

Basi, kwa sheria tulizo nazo Burundi leo, mtu aliyeumizwa na mzigo ulioanguka afanye nini? Kwanza ajue kwamba kumfunga dereva na kumfidia majeruhi ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni adhabu, nayo humhusu aliyetenda kosa. La pili ni fidia, na hapo milango ni mingi. Kuna kosa la dereva mwenyewe. Kuna mwajiri wake, anayejibu kwa kazi aliyompa. Kuna mwenye ulinzi wa kitu kilicholeta madhara. Kuna yeyote mwingine ambaye kosa lake likithibitishwa limechangia, akiwemo aliyepakia au aliyeficha uzito. Na kuna bima ya lazima ya gari inayohusu madhara kwa watu wengine. Gari likiwa limetoka nchi jirani, iulizwe Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka 1987 ili majeruhi wa nchi moja asikose fidia kwa kuwa gari ni la nchi nyingine.

Pili, ushahidi hufa haraka kuliko majeruhi. Barabara ikishafunguliwa, kamba zikakusanywa na mzigo ukahamishiwa lori jingine, kitakachobaki ni maneno ya dereva na ya mwenye mali. Picha ya kamba iliyokatika, ya ndoano iliyopinda, ya namba za gari na trela lake, ya hati ya mizigo inayoonyesha nani alituma nini na kwa uzito gani, ina thamani kuliko vilio vya kijiji kizima. Anayepiga picha hizo bila kuwadhalilisha waliokufa, kisha akazikabidhi kwa polisi na kwa familia, ametenda kazi ya uraia.

Tatu, na hili ndilo gumu, tujifunze kuuliza kabla ya ajali. Mkuu wa shule anayekodi lori kuleta mbao za madawati aulize zitafungwa kwa nini. Msimamizi wa ujenzi anayepokea nondo asimpongeze dereva aliyewahi kwa kuzirundika zote safari moja. Kamati ya msikiti au ya kanisa inayosafirisha mawe ya msingi ikumbuke kwamba nayo, siku hiyo, ni mwenye mzigo. Na askari wa barabarani anapozunguka lori, atazame kamba kama anavyotazama karatasi. Katika misafara ya zamani hakuna aliyeondoka pwani kabla mizigo haijakaguliwa, kwa kuwa tajiri aliogopa kupoteza mali. Kama hofu ya kupoteza mali iliweza kuleta nidhamu ile, hofu ya kupoteza watu ishindwe?

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, uliuliza anayepaswa kujibu ni dereva au mwenye nondo. Historia inajibu kwamba swali lenyewe lilikuwa limefungwa vibaya, kwa sababu lilitutaka tuchague mmoja. Dereva ajibu kwa alichokiona akakiacha. Mpakiaji ajibu kwa alichokifunga. Mwenye lori ajibu kwa vifaa alivyovinyima na kwa watu aliowatuma. Mwenye mali ajibu kwa uzito aliouficha na kwa haraka aliyoishurutisha. Aliyepewa kazi ya kukagua ajibu kwa macho aliyoyafumba. Na sisi tunaopita na kusema kwamba siku ya mtu imefika, tujibu kwa ukimya wetu.

Wiki ijayo darasa letu litasimama nusu saa kando ya Barabara ya Taifa Namba 1, mahali salama, na daftari. Hatutahesabu magari. Tutahesabu kamba.